Jinsi ya kupima kiwango cha dawa za sonona kwenye damu bila kuharibu sampuli

Kipimo hiki kina tabia moja mbaya sana, unaweza ukakosea saa, ukakosea tyubu, ukajaza fomu nusu, na bado maabara ikakurudishia namba nzuri tu imechapwa vizuri, alafu daktari akaichukua akabadilisha nayo dozi. Hamna kitu kitakacholia kukwambia kwamba namba hiyo ni ya uongo. Kwa hiyo humu nitakaa sana kwenye mambo ya kabla ya sindano, manake huko ndo vitu vinapoharibika, mashine yenyewe mara nyingi haina shida. Nawaandikia hasa manesi, matabibu na watu wa famasia na maabara, ila mgonjwa au ndugu anayemuuguza akisoma atajua aulize nini.

Hatua ya 1: jiulize unatafuta nini

Usipime kwa sababu tu kipimo kipo. Watu wengi wanaomeza sertralini au sitalopramu, wanaendelea vizuri na hawana malalamiko, hawahitaji kabisa, manake kwa kundi hilo la dawa tofauti kati ya kiasi kinachosaidia na kiasi kinachodhuru ni kubwa, alafu uhusiano kati ya namba ya kwenye damu na mtu kupata nafuu sio wa karibu kivile. Kwa dawa za zamani, zile za jamii ya amitriptilini, nortriptilini, imipramini na klomipramini, hadithi ni nyingine. Pale nafasi ni nyembamba, ikizidi inagusa moyo, inaleta degedege, inachanganya akili hasa kwa wazee, na watu wawili wakimeza dozi ileile mmoja anaweza kuwa na kiwango mara nyingi zaidi ya mwenzake. Hizo ndo dawa ambazo miongozo ya wataalamu inasema kupima ni jambo la kutiliwa mkazo, sio la hiari ya siku ukijisikia.

Kwa dawa nyingine zote, pima ukiwa na swali. Maswali yenyewe sio mengi. Mgonjwa amekaa kwenye dozi ya kutosha kwa wiki kadhaa na hamna kinachobadilika. Au amepewa dozi ndogo tu lakini madhara yamempiga vibaya. Au alikuwa mzima, ghafla sonona imerudi na anasema dawa anameza kama kawaida. Au ameongezewa dawa nyingine inayogombana na hii. Au ni mzee, ana shida ya ini, ni mjamzito, au dawa imebadilishwa ikawa ya kiwanda kingine na tangu hapo hayuko sawa. Swali lolote utakalochagua, liandike kwenye fomu kwa maneno ya kawaida. "Dozi 150 mg wiki 5, hakuna nafuu, je dawa inafika?" Hiyo inatosha na inamsaidia anayesoma majibu kuliko neno "kudhibiti" ambalo kila mtu anaandika.

Hatua ya 2: subiri dawa itulie mwilini

Dawa ukianza leo au ukibadilisha dozi leo, kiwango kwenye damu kinapanda kidogo kidogo mpaka kinafika mahali kinachoingia na kinachotoka vinalingana. Hesabu ya mkato ni hii, chukua muda ambao nusu ya dawa inakuwa imetoka mwilini, zidisha mara 5. Sertralini nusu yake inatoka kwa kama saa 26, kwa hiyo ndani ya siku 5 au 6 imetulia. Sitalopramu ni kama saa 35, wiki moja hivi na ushee. Amitriptilini na wenzake, ukisubiri wiki moja kamili kwa watu wengi uko salama, mzee msubirie zaidi kwa sababu mwili wake unaitoa taratibu.

Fluoksetini ndo inayowaponza watu. Yenyewe nusu inatoka kwa siku 4 mpaka 6 kwa mtu aliyeizoea, alafu mwilini inageuka kuwa norfluoksetini ambayo nayo inafanya kazi na inakaa muda mrefu zaidi, siku 4 mpaka 16. Yaani ukipima wiki 1 baada ya kubadilisha dozi unapima safari, sio mwisho wa safari. Subiri wiki 4 au 5 angalau. Na kumbuka upande wa pili pia, mtu akiacha fluoksetini leo bado atakuwa nayo kwa wiki kadhaa, jambo ambalo litakuja kutusumbua hapo chini.

Kitu kimoja hapa, kusubiri dawa itulie ni kwa mgonjwa ambaye hayuko hatarini. Mtu ameanza kuchanganyikiwa, mapigo ya moyo hayaeleweki, mkojo umegoma, hapo unapima sasa hivi na unaandika kwamba dawa haijatulia.

Hatua ya 3: panga saa ya kuchukua damu

Hii ndo hatua ninayoipigia kelele kuliko zote. Namba nyingi za kulinganisha zilizopo zimetengenezwa kwa damu iliyochukuliwa pale dawa ikiwa chini kabisa, yaani kabla tu ya dozi inayofuata. Ukichukua damu saa 3 baada ya mtu kumeza, unapima kilele, na kilele kinaweza kuonekana kama sumu wakati mgonjwa yuko sawa kabisa. Kibaya zaidi ni pale dozi yenyewe haitoshi ila kilele kikaifanya ionekane inatosha, mgonjwa anarudishwa nyumbani na sonona yake na karatasi inayosema kila kitu kiko vizuri.

Kwa vitendo, anayemeza asubuhi mara moja kwa siku anakuja asubuhi kabla hajameza, dawa yake anabeba mfukoni anameza akishatolewa damu. Anayemeza usiku, damu inachukuliwa asubuhi yake saa 12 mpaka 16 baada ya kumeza, kwa hiyo kama alimeza saa 3 usiku mpange kati ya saa 3 asubuhi na saa 7 mchana. Anayemeza mara mbili, kabla ya dozi ya asubuhi. Kufunga kula sio lazima.

Maneno unayomwambia mgonjwa yaangalie sana. Ukisema "kesho usimeze dawa, kuna kipimo", kuna watu wataacha tangu leo usiku, na wengine wataacha siku mbili ili "damu iwe safi". Sema hivi: "Dawa ya leo usiku meza kama kawaida. Kesho asubuhi usimeze mpaka tukutoe damu, ukishatolewa tu unameza palepale." Alafu mwombe akurudishie kwa maneno yake. Wodini mwambie nesi wa zamu ya usiku, tena iandike kwenye chati, la sivyo dawa za saa 12 asubuhi zitagawiwa kama kawaida na wewe utafika saa 2 na sindano yako ukute mchezo umeisha. Ikitokea hivo usichukue damu, ahirisha mpaka kesho. Kama huwezi kuahirisha, chukua, ila andika saa halisi ya dozi na saa halisi ya damu, sio saa zilizotakiwa.

Fluoksetini kwa sababu ya kukaa sana mwilini haijali sana saa, ila mazoea ni mazoea, fuata utaratibu uleule.

Hatua ya 4: tyubu

Tumia tyubu ya kawaida ya seramu isiyo na jeli, au ya plazma yenye EDTA (kemikali inayozuia damu isigande), kutegemea maabara yako inataka ipi, na uwaulize kabla. Jeli ile ya kutenganisha damu ina tabia ya kunyonya baadhi ya dawa, hizi za jamii ya amitriptilini zikiwemo, na damu ikikaa juu ya jeli kwa muda namba inashuka yenyewe. Sampuli ikifika, izungushwe kwenye sentrifuji mapema, seramu au plazma ihamishiwe kwenye kichupa kingine, iwekwe kwenye friji kama haipimwi siku hiyohiyo. Ikitakiwa kukaa zaidi au kusafiri mbali, igandishwe, na ilindwe na mwanga. Damu iliyopasuka seli ikawa nyekundu nyekundu, chukua nyingine.

Kama mgonjwa ameongezewa lithiamu juu ya dawa yake ya sonona, na mnapima vyote siku moja, angalia rangi ya kifuniko cha tyubu mara mbili. Kuna tyubu zina hepari ya lithiamu ndani yake kuzuia damu isigande. Ukiweka humo damu ya kupima lithiamu, unapima lithiamu ya kiwandani pamoja na ya mgonjwa, na namba itakayotoka itamshtua kila mtu. Lithiamu nayo inachukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho.

Hatua ya 5: fomu

Jina la dawa, dozi kwa siku, tangu lini yuko kwenye dozi hiyo, tarehe na saa ya dozi ya mwisho, tarehe na saa ya damu, dawa nyingine zote anazotumia, anavuta sigara au la, na lile swali lako la hatua ya 1. Ukiandika "dawa nyingine: hakuna" hakikisha umeuliza pia miti shamba, vidonge vya kujinunulia, na dawa za kliniki nyingine, manake mgonjwa akiulizwa na mtu wa afya ya akili anadhani unauliza za akili tu.

Uliza pia maabara inapima kwa njia gani. Vipimo vya haraka vya kingamwili vinavyotafuta hii jamii ya amitriptilini vinaweza kudanganywa na dawa nyingine zenye umbo linalokaribiana, karbamazepini na kuetiapini ni mifano inayojulikana, na hizo ni dawa ambazo wagonjwa wetu wanatumia kila siku. Mashine za kromatografia zinatenganisha dawa moja moja, majibu yake ndo ya kuaminika kwa kazi hii.

Hatua ya 6: soma majibu

Kwanza angalia kizio cha namba. Nanogramu kwa mililita na mikrogramu kwa lita ni kitu kimoja. Nanomoli kwa lita ni kitu kingine kabisa, amitriptilini nanogramu 100 kwa mililita ni kama nanomoli 360 kwa lita, kwa hiyo mtu akisoma 360 akidhani ni nanogramu anaweza kusitisha dawa ya mtu bure.

Pili, angalia kama wamejumlisha dawa na zao lake. Amitriptilini mwilini inageuka nortriptilini, na nortriptilini ni dawa kamili, kwa hiyo unachosoma ni jumla. Venlafaksini hivohivo, klomipramini hivohivo, fluoksetini hivohivo.

Viwango ambavyo AGNP, kundi la wataalamu wa dawa za akili wa nchi zinazozungumza Kijerumani, walivitoa kwenye mwongozo wao wa 2017, kwa nanogramu kwa mililita, baadhi ni hivi:

Amitriptilini pamoja na nortriptilini 80 hadi 200
Nortriptilini peke yake 70 hadi 170
Klomipramini na zao lake 230 hadi 450
Imipramini na zao lake 175 hadi 300
Sitalopramu 50 hadi 110, esitalopramu 15 hadi 80
Sertralini 10 hadi 150
Fluoksetini na norfluoksetini 120 hadi 500
Venlafaksini na zao lake 100 hadi 400
Mirtazapini 30 hadi 80

Amitriptilini na nortriptilini jumla ikifika 300, maabara inatakiwa ipige simu, sio isubiri karatasi. Angalia upana wa sertralini pale, 10 hadi 150, ndo unaona kwa nini namba yake haikwambii sana kama mtu atapona, inakwambia zaidi kama anameza. Na viwango hivi ni vya sonona. Mtu anayepewa amitriptilini kidogo usiku kwa ajili ya maumivu ya mishipa ya fahamu, kiwango chake kitakuwa chini na hamna tatizo lolote.

Nortriptilini ina upekee wake. Mwaka 1971 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba wagonjwa wenye kiwango cha katikati walipata nafuu kuliko wenye kiwango kidogo, na pia kuliko wenye kiwango kikubwa. Yaani ukizidisha, nafuu inapungua. Kwa hiyo mgonjwa wa nortriptilini aliyekwama akiwa na 220, jibu linaweza kuwa kushusha dozi, kitu ambacho bila kipimo hakuna mtu angekithubutu, wote tungepandisha.

Hatua ya 7: namba ni ndogo, sasa?

Usianze na "humezi dawa wewe". Kwanza rudi kwenye saa na tyubu. Zikiwa sawa, sababu zinabaki mbili kubwa, ama dawa haiingii, ama inaingia ila mwili unaichoma haraka.

Njia nzuri ya kutofautisha ni kumsimamia mgonjwa ameze mbele ya mtu, nesi au ndugu anayemwamini, mpaka dawa itulie, wiki moja hivi kwa nyingi, alafu urudie kipimo saa ileile. Namba ikipanda vizuri, tatizo lilikuwa kumeza, na hapo mazungumzo ni ya kwa nini, labda inampa usingizi kazini, labda imemuulia hamu ya tendo la ndoa na anaona aibu kusema, labda mwezi huu hela haikutosha. Namba ikibaki chini wakati umeona kwa macho anameza, basi mwili wake ni mwepesi kuvunja dawa.

Kuna dokezo jingine kwa dawa zenye zao. Ukikuta dawa mama ni nyingi na zao lake karibu hamna, mtu mwenye mwili wa kawaida, inawezekana amemeza asubuhi ileile ya kipimo baada ya kuacha kwa muda, manake zao halijapata wakati wa kutengenezwa. Sema "inawezekana" na umuulize taratibu, kwa sababu mpangilio huohuo unaweza kutokea kwa mtu ambaye vimeng'enya vyake vya ini, vile vinavyovunja dawa, ni dhaifu, au ana dawa nyingine inayovizuia. Kipimo hiki sio polisi. Mgonjwa akishahisi unamkamata, mara nyingine hatakuja kabisa.

Wanaovunja haraka wapo kwa kuzaliwa. Kimeng'enya CYP2D6 kwa watu wengine kina nakala za ziada za jini (chembe ya urithi), na utafiti mmoja Ethiopia ulikuta karibu watu 3 kwa kila 10 wana nakala hizo. Upande wa pili, wenye asili ya Ulaya kama 5 hadi 10 kwa kila 100 kimeng'enya hicho hakifanyi kazi kabisa, hao ndo wanaozidiwa na dozi ya kuanzia. CYP2C19 nacho kina watu wake wa haraka na wa taratibu, na hicho ndo kinachohusika zaidi na sitalopramu na esitalopramu.

Alafu dawa za pembeni. Rifampisini, karbamazepini, efavirenzi, na ule mmea wa hiperikamu unaouzwa kama tiba ya huzuni, hizi zinaamsha vimeng'enya vya ini na kushusha dawa kadhaa za sonona. Rifampisini inachukua kama wiki 2 kufika nguvu yake yote, na ikiachwa inachukua kama wiki 2 nyingine ini kutulia, kwa hiyo ukiwa ulipandisha dozi kwa ajili yake kumbuka kushusha matibabu ya kifua kikuu yakiisha. Sigara inashusha duloksetini na fluvoksamini. Mvutaji akilazwa mahali pasiporuhusiwa sigara, kiwango kinapanda bila mtu kugusa dozi.

Hatua ya 8: namba ni kubwa

Mwangalie mgonjwa kabla ya karatasi. Anapumuaje, anaongea sawasawa, mapigo, presha akisimama. Kwa dawa za zamani na kwa sitalopramu piga ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Sitalopramu inarefusha QT, yaani muda wa moyo kubana na kujiandaa kwa pigo linalofuata, na tangu 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani inaweka mwisho wa 20 mg kwa siku kwa wenye zaidi ya miaka 60, kwa wenye CYP2C19 dhaifu, na kwa wanaotumia dawa kama simetidini au omeprazoli zinazozuia kimeng'enya hicho. Omeprazoli watu wanajinunulia kama peremende, iulizie kwa jina.

Mchanganyiko ninaoukuta unaumiza watu ni fluoksetini au paroksetini kuongezwa juu ya amitriptilini au nortriptilini. Zinafunga CYP2D6, na kiwango cha ile ya zamani kinaweza kupanda mara kadhaa. Na lile tatizo nililolitaja juu ndo hili, fluoksetini ikiachwa mlango unabaki umefungwa kwa wiki kadhaa, mtu anaanzishwa amitriptilini akidhaniwa ni msafi kumbe sio.

Mtu aliyekunywa dozi nyingi makusudi, usikae unasubiri kiwango cha damu. Hapo ECG ndo kipimo chako, QRS (sehemu ya ECG inayoonyesha umeme ukisambaa moyo unapoanza kubana) ikizidi milisekunde 100 degedege liko karibu, ikizidi 160 moyo unaweza kuharibika mdundo, na matibabu ya bikaboneti ya sodiamu yanaanza kwa hali ya mgonjwa na ECG, sio kwa karatasi ya maabara itakayofika kesho.

Hatua ya 9: kubadilisha dozi

Kwa dawa ambazo kiwango kinapanda sambamba na dozi, hesabu ni rahisi, dozi ya sasa zidisha kiwango unachotaka, gawanya kwa kiwango ulichopata. Tuseme mgonjwa yuko kwenye amitriptilini 75 mg, jumla imekuja 60, unataka 120. 75 mara 120 gawanya kwa 60 unapata 150 mg. Hiyo ni dozi ya kufikia, sio ya kuruka nayo usiku mmoja, panda kwa 25 mg kila siku chache huku unaangalia presha na moyo.

Fluoksetini na paroksetini usizipigie hesabu hiyo. Zinazuia kimeng'enya kinachozivunja zenyewe, kwa hiyo ukiongeza dozi mara mbili kiwango kinaweza kupanda zaidi ya mara mbili. Hizo badilisha kidogo, subiri, pima tena.

Na kama namba iko katikati ya kiwango kabisa na mgonjwa hajapata nafuu baada ya muda wa kutosha, basi kipimo kimefanya kazi yake, dawa inafika ila haimsaidii huyu. Acha kupandisha, fikiria dawa nyingine, au angalia upya kama ugonjwa wenyewe ndo huo.

Hatua ya 10: pima akiwa mzima pia

Hii karibu hakuna anayeifanya. Mgonjwa wa dawa za zamani, au yule aliyesumbua sana kupata dozi yake, akishapona na ametulia, chukua damu mara moja kwa saa sahihi na uandike kwenye faili: dawa gani, dozi gani, kiwango gani, anavuta au havuti, anatumia nini kingine. Hicho ndo kiwango chake yeye, kina maana kuliko viwango vyote vya kitabuni. Mwaka kesho akirudi amelegea hasemi, au akipata ujauzito na namba zikaanza kuyumba, utakuwa na kitu cha kulinganisha nacho. Mpe na yeye nakala akae nayo, mafaili yanapotea.